Haipavaiza ndani ya VM: kujenga maabara ya Proxmox kwenye kompyuta moja

Tabaka_Sifuri

Wakuu, swali hili halikomi humu: unajifunzaje klasta ya Proxmox (seva kadhaa za mfumo huo wa kuendesha VM zikifanya kazi kama kundi) wakati una kompyuta moja tu? Jibu ni kusimika haipavaiza (programu inayoendesha kompyuta za kubuni, yaani VM) ndani ya VM. Naanza na Proxmox juu ya KVM (haipavaiza iliyo ndani ya keneli ya Linux) kwa kuwa ndiyo njia yenye vikwazo vichache. Wenye Windows na VMware waongezee chini.

Tuelewane majina kwanza. L0 ni mfumo uliokaa kwenye chuma chenyewe. L1 ni VM iliyobeba haipavaiza ya kujifunzia. L2 ni VM inayozaliwa ndani ya L1. Hitilafu inaonekana L2, lakini mara nyingi chanzo kiko L0 au L1, kwa hiyo ukaguzi unaanzia chini kwenda juu.

Chuma: Intel yenye VT-x na EPT, au AMD yenye AMD-V na NPT. VT-x na AMD-V ni uwezo wa prosesa kuendesha VM, EPT na NPT ni wa kusimamia kumbukumbu za VM hizo. EPT ilikuja na kizazi cha Nehalem mwaka 2008, hivyo desktop nyingi za mtumba kutoka maofisini zinafaa kabisa. Kinachobana ni RAM. GB 16 zinatosha L1 moja, mbili kwa kujibana. Ukitaka nodi tatu (seva tatu za klasta) weka GB 32. Diski iwe SSD. Kwenye diski ya kuzunguka, maabara hii itakufanya uichukie teknolojia nzima bila kosa lake.

Ndani ya BIOS tafuta "Intel Virtualization Technology", au "SVM Mode" kwa AMD. VT-d ni kitu kingine, ni ya kukabidhi kadi ya PCI kwa VM, na kwa kazi hii haihitajiki.

Kagua L0:

```
grep -Ec '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo
cat /sys/module/kvm_intel/parameters/nested
```

Ya kwanza inatafuta alama ya VT-x (vmx) au ya AMD-V (svm); ikitoa 0, rudi BIOS. Ya pili inauliza kama nested, yaani ruhusa ya haipavaiza ndani ya VM, imewashwa; itoe Y au 1 (kwa AMD ni kvm_amd). Kuanzia keneli 4.20 upande wa Intel huja umewashwa wenyewe. Ikitoa N:

```
echo "options kvm_intel nested=1" > /etc/modprobe.d/kvm.conf
modprobe -r kvm_intel
modprobe kvm_intel
```

Ukijibiwa "Module kvm_intel is in use", kuna VM inayoendelea kufanya kazi. Zima zote ndipo urudie.

Sasa L1:

```
virt-install --name pve1 --memory 8192 --vcpus 4 \
  --cpu host-passthrough \
  --controller type=scsi,model=virtio-scsi \
  --disk size=64,bus=scsi,discard=unmap \
  --network bridge=br0,model=virtio \
  --cdrom /var/lib/libvirt/images/proxmox-ve.iso \
  --os-variant debian12
```

Roho ya amri hiyo ni `host-passthrough`. Bila hiyo, L1 inaweza kupewa prosesa ya kubuni isiyo na alama ya vmx, na Proxmox itasimama vizuri, ukurasa wake wa wavuti (bandari ya 8006) utafunguka, kila kitu kitapendeza mpaka uwashe VM ya kwanza ndani yake.

Ukimaliza kusimika, ingia L1 na urudie ile grep. Jibu lisiwe 0. Angalia pia kama `/dev/kvm` ipo. Vyote viwili vikiwepo, L2 itawaka.

---

Mgeni_wa_Linux

Shukrani mkuu. L0 kwangu ni Proxmox pia, si libvirt (ile ya virt-install). L1 imesimama ila kila VM ya ndani inagoma na ujumbe huu:

`KVM virtualisation configured, but not available. Either disable in VM configuration or enable in BIOS.`

BIOS nimeikagua mara tatu, iko sawa.

---

Dada_Keneli

Ujumbe huo unapotosha watu wengi. BIOS unaotajwa ni wa mashine ambayo Proxmox hiyo inaiona, na Proxmox yako ya L1 haijui kwamba iko ndani ya VM. BIOS ya chuma unaihangaikia bure.

Kwako tatizo ni aina ya prosesa. Tangu toleo la 8, ukiunda VM kwa ukurasa wa wavuti Proxmox inaweka `x86-64-v2-AES`. Zamani ilikuwa `kvm64`. Zote mbili hazipitishi vmx wala svm. Kwenye L0:

```
qm shutdown 101
qm set 101 --cpu host --balloon 0
qm start 101
```

Zima kabisa halafu washa. Ukiandika `reboot` ukiwa ndani ya L1, mchakato wa QEMU (programu inayobeba VM) kule L0 unabaki uleule na prosesa yake ya zamani, kisha unarudi hapa kusema haikusaidia.

Hiyo `--balloon 0` nimeiweka makusudi, inaizuia L0 kurudisha kumbukumbu iliyoipa L1. L0 ikianza kunyang'anya L1 kumbukumbu ambayo L1 imeshaigawa kwa L2, L1 itaua mchakato wowote ilio nao karibu ili ijiokoe, na mara nyingi unaouliwa ni ule mnene kuliko yote, yaani VM yako.

Kuna watakaokushauri `qm set 100 --kvm 0` ndani ya L1. Inawaka, ndiyo, lakini hapo QEMU inaigiza prosesa kwa programu tupu. Kwa kujaribu Alpine kwa dakika tano sawa. Kwa Windows usithubutu.

---

Mgeni_wa_Linux

Imekubali dada. Ilikuwa hiyohiyo ya prosesa. Sasa L2 imewaka lakini haina mtandao. Kutoka L1 naipata kwa ping, kutoka nje hakuna kitu.

---

Swichi_Bubu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, ngoja nieleze kwa kirefu.

L2 ina anwani yake ya MAC (namba ya kadi ya mtandao). Fremu yake (kifurushi cha data) inapita vmbr0 (briji, yaani swichi ya kubuni) ya L1, inatokea kwenye kadi ya L1, inafika swichi ya L0. Swichi ya L0 inajua MAC moja tu nyuma ya mlango ule: ya L1. Swichi nyingine zinaona MAC ngeni na kuitupa fremu kwa kudhani ni udanganyifu. Kwa hiyo jibu linategemea L0 yako ni nini.

Briji ya kawaida ya Linux haina shida, inajifunza MAC yoyote inayopita. Ila Proxmox ikiwa L0 na umewasha fayawoli ya VM hiyo, kuna "MAC filter" ambayo huja imewashwa. Nenda kwenye VM ya L1, Firewall, Options, uizime, au ondoa tiki ya fayawoli kwenye kadi yake. Nadhani ndicho kilichokukuta.

Kwenye ESXi (haipavaiza ya VMware) fungua "Promiscuous mode" na "Forged transmits" kwenye port group (kundi la milango ya swichi). Kufungua moja tu haitoshi: forged transmits inaruhusu fremu kutoka, promiscuous inaruhusu majibu kurudi. Wenye swichi ya kusambazwa ya vSphere 6.7 na kuendelea watumie MAC learning badala ya promiscuous, kwa sababu promiscuous inamwagia kila VM ya port group ile trafiki ya wenzake. VirtualBox ni `--nicpromisc1 allow-all`.

Usibahatishe, pima. Ndani ya L1:

```
tcpdump -eni vmbr0 arp
```

Halafu L0, kwenye kiolesura cha L1 (tap101i0 kwa Proxmox, vnet-kitu kwa libvirt), amri ileile. VM za Proxmox za matoleo ya karibuni zina MAC zinazoanza na bc:24:11, za libvirt 52:54:00, utazitambua haraka. Ombi la ARP (la kuulizia MAC ya anwani ya IP) likionekana L1 lakini L0 halipo, tafuta kizuizi kati yao. Likionekana kote na jibu halirudi, kizuizi kiko juu zaidi.

Na kama L0 ni laptop iliyounganishwa kwa Wi-Fi, acha kabisa wazo la briji. Kituo cha Wi-Fi kinapokea fremu kutoka MAC iliyojisajili kwake tu, na L2 haijajisajili popote. Tumia NAT, L2 zitoke nje kwa anwani ya L1. Ndani ya L1, `/etc/network/interfaces`:

```
auto vmbr1
iface vmbr1 inet static
    address 10.10.10.1/24
    bridge-ports none
    bridge-stp off
    bridge-fd 0
    post-up echo 1 > /proc/sys/net/ipv4/ip_forward
    post-up iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.10.10.0/24 -o vmbr0 -j MASQUERADE
```

Kisha `ifreload -a`. L2 uipe 10.10.10.x kwa mkono, lango 10.10.10.1.

Mtego mmoja wa libvirt ndani ya libvirt: mtandao wa `default` wa L0 ni 192.168.122.0/24, na wa L1 nao ni 192.168.122.0/24. Zote zikiwa juu, L1 inaona lango lake la nje liko ndani ya virbr0 yake yenyewe, na intaneti inakatika papo hapo. Fanya `virsh net-edit default` ndani ya L1, weka 192.168.130.0/24 (na zile anwani za dhcp pia), kisha net-destroy na net-start.

---

Mgeni_wa_Linux

Ilikuwa MAC filter. Sasa inapumua.

---

Kioo_cha_Windows

Upande wa Windows. Ukitumia VMware Workstation au VirtualBox juu ya Windows 10 au 11, adui wa kwanza ni Hyper-V (haipavaiza ya Windows yenyewe) inayofanya kazi chinichini bila wewe kuiwasha. "Memory integrity" ndani ya Core isolation, WSL2 (Linux ndani ya Windows), Credential Guard, vyote vinaiamsha. Hyper-V ikishaamka, yenyewe ndiyo inayoshika VT-x, na Workstation inakuambia:

`Virtualized Intel VT-x/EPT is not supported on this platform.`

Fungua msinfo32 usome mstari wa chini. Ukikuta "A hypervisor has been detected", ndiyo hiyo. VirtualBox nayo inaonyesha kobe wa kijani kwenye upau wa chini wa dirisha la VM. Kobe huyo maana yake inapita juu ya Hyper-V.

Kuizima: ondoa Memory integrity, kisha kwenye kidirisha cha amri cha msimamizi

```
bcdedit /set hypervisorlaunchtype off
```

na uwashe upya kompyuta. Jua unachopoteza: WSL2 haitafanya kazi, na kinga ya keneli inapungua. Kompyuta ya kazini yenye sera za ofisi usiiguse.

Baada ya hapo Workstation weka tiki ya "Virtualize Intel VT-x/EPT or AMD-V/RVI", ambayo ndani ya faili la .vmx ni `vhv.enable = "TRUE"`. VirtualBox:

```
VBoxManage modifyvm "pve1" --nested-hw-virt on
```

VirtualBox ilianza na AMD kwenye 6.0, Intel ikafuata 6.1 mwishoni mwa 2019.

Maoni yangu: kama Hyper-V imeshakushikia kompyuta, usipigane nayo. Ifanye iwe L0. VM ikiwa imezimwa:

```
Set-VMProcessor -VMName pve1 -ExposeVirtualizationExtensions $true
Set-VMMemory -VMName pve1 -DynamicMemoryEnabled $false
Set-VMNetworkAdapter -VMName pve1 -MacAddressSpoofing On
```

Intel inahitaji Windows 10 au Server 2016 kwenda juu, AMD ni Windows 11 au Server 2022.

Ila usiiweke Proxmox kwenye "Default Switch". Swichi hiyo hubadilisha mtandao wake Windows ikiwashwa upya, na Proxmox inatumia anwani ya kudumu. Asubuhi utakuta ukurasa wa 8006 haufunguki na L1 yenyewe ni nzima. Tengeneza yako:

```
New-VMSwitch -SwitchName maabara -SwitchType Internal
New-NetIPAddress -IPAddress 10.20.0.1 -PrefixLength 24 -InterfaceAlias "vEthernet (maabara)"
New-NetNat -Name maabara -InternalIPInterfaceAddressPrefix 10.20.0.0/24
```

Na VM ya Generation 2 ikigoma kuwaka kutoka ISO, badilisha kiolezo cha Secure Boot kiwe MicrosoftUEFICertificateAuthority.

---

Pwani_Byte

Swali kwa wajuvi: kwa nini L2 inakuwa nzito kiasi kile wakati prosesa inaonyesha matumizi madogo? Hesabu za kawaida ziko sawa, lakini kusimika vifurushi ni kama kuvuta jiwe.

---

Dada_Keneli

Umeona sawasawa, na hiyo tofauti ndiyo inayoeleza kila kitu. Msimbo wa kawaida wa L2 unakimbia moja kwa moja kwenye chuma, ndiyo maana hesabu hazichelewi. Gharama iko pale L2 inapofanya jambo linalohitaji haipavaiza: kuandika diski, kutuma pakiti, kugusa saa. Prosesa haina ngazi tatu, ina mbili tu. Kwa hiyo L2 inatua L0 kwanza, siyo L1. L0 inagundua tukio si lake, inapanga hali ya L1 ionekane kana kwamba L2 imetua kwake, inaiamsha L1. L1 inashughulikia, na katika kushughulikia inasoma na kuandika VMCS (rekodi ambamo prosesa huweka hali ya VM), jambo ambalo nalo linaweza kuirudisha L0. Tukio moja la L2 linazaa mengi. Hii ndiyo kanuni ambayo watafiti wa IBM waliieleza kwenye mradi wa Turtles mwaka 2010, na KVM ya leo bado inatembea kwa wazo hilo.

Kuanzia Haswell, mwaka 2013, Intel iliongeza VMCS shadowing, ambayo inaipa L1 uwezo wa kusoma na kuandika sehemu kubwa ya VMCS bila kurudi L0. Kama una uchaguzi kati ya mashine mbili za mtumba, chukua ya Haswell kuja huku.

La kufanya: virtio (vifaa vya kubuni vilivyoundwa kwa ajili ya VM) kwa diski na mtandao kwenye tabaka zote mbili. Ukiweka e1000 au IDE, vinavyoigiza vifaa halisi, kwenye L2, kila pakiti na kila sekta inageuka msururu wa safari za kwenda L0. Na vcpu (prosesa za kubuni) za L2 ziwe chache, moja au mbili. Vcpu zikizidi, zinatumiana ishara, na kila ishara ni safari.

---

Mchanga_wa_SSD

Upande wa diski hujaumaliza dada, na wengi hawajui kwamba ndiko wanakojiumiza. Angalia rundo: ZFS (mfumo wa faili) kwenye L0, juu yake zvol (diski ya kubuni ya ZFS) ya L1, juu yake ZFS tena ndani ya L1, juu yake qcow2 (faili la diski) ya L2. Kila tabaka linanakili kabla ya kuandika. Kilobaiti 4 za L2 zinafika kwenye SSD zikiwa zimenenepa mara kadhaa, na SSD ya bei nafuu isiyo na DRAM inasimama.

Chagua tabaka moja tu lenye ujanja. Kwa maabara, ujanja ubaki L0, kwa sababu snapshoti (picha za hali ya VM za kurudia) utakazozihitaji ni za L1 nzima. Ndani ya L1 tumia ext4 na LVM-thin ya kawaida, ile inayokuja na kisimikaji. Isipokuwa unajifunza ZFS yenyewe, hapo hamna namna.

Kumbukumbu pia. ZFS kwenye L0 ina ARC yake, akiba ya kusomea inayokaa kwenye RAM. Zamani iliweza kula hadi nusu ya RAM, kisimikaji cha Proxmox kuanzia 8.1 kinaizuia kwenye asilimia 10, kisichozidi GB 16. Kama L0 yako ilisimikwa kabla ya hapo, iwekee kikomo, mfano GB 2:

```
echo "options zfs zfs_arc_max=2147483648" > /etc/modprobe.d/zfs.conf
update-initramfs -u
```

Na kufuta data: discard, ishara ya kurudisha nafasi iliyofutwa, iwashwe kila tabaka. L2 ikiendesha `fstrim -av` na diski yake haina `discard=on`, nafasi hairudi L1. L1 nayo isipopitisha, hairudi L0. Ndiyo maana watu wanaona VM ya GB 64 imekula zote 64 wakati ndani kuna GB 9.

---

Tabaka_Sifuri

Narudi kwenye nodi tatu, maana ndilo lengo la wengi. Kwa RAM ya GB 32: L1 tatu za GB 8, jumla 24, L0 inabaki na 8. Ndani ya kila L1 toa GB 2 za Proxmox yenyewe, unabaki na takriban GB 6 za kugawa kwa L2. Ukitaka Ceph (hifadhi inayosambaa kwenye nodi), OSD moja, yaani programu inayosimamia diski moja, inalenga GB 4 za RAM kwa kawaida yake, haitakuacha na kitu. Punguza:

```
ceph config set osd osd_memory_target 1610612736
```

Hiyo ni GB 1.5, ya maabara tu.

Usisimike nodi moja kisha ukai-kopi mara tatu. Nakala zinabeba jina, machine-id na funguo zilezile za SSH, na klasta inavurugika mwanzoni kabisa. Simika kila moja kwa ISO, ni dakika chache, kisha zima zote na uchukue snapshoti kabla ya `pvecm create`. Utairudia snapshoti hiyo mara nyingi kuliko unavyodhani.

Corosync, inayofanya nodi zijuane kuwa hai, ipe kadi ya pili kwenye briji yake isiyo na trafiki nyingine. Haitaki kasi, inataka isicheleweshwe. L0 ikielemewa, nodi zitajiona zimeachana, HA (kinga ya klasta dhidi ya nodi kufa) itazizima na kuziwasha upya zenyewe, nawe utadhani umeharibu usanidi.

---

Pwani_Byte

Vipi VPS (seva za kukodi) za bei nafuu? Na Mac?

---

Kioo_cha_Windows

VPS: ingia, piga ile grep. Ikitoa 0 hamna la kufanya, L0 ni ya mwenye mali. Google Cloud inaruhusu kwenye baadhi ya mashine za Intel ukiiwasha wakati wa kuunda, lakini familia ya E2 haimo. Azure wanayo tangu Dv3 na Ev3, mwaka 2017.

Mac za Apple Silicon ni kuanzia M3 na macOS 15, kwa VM za Linux ya ARM. ESXi ya kawaida na Proxmox rasmi ni za x86, kwa hiyo hazihusiki hapo.

---

Mgeni_wa_Linux

La mwisho kwangu: naweza kuchukua snapshoti ya L1 pamoja na RAM wakati L2 zinaendelea? Na nested nikiiacha imewashwa kwenye seva yenye wateja?

---

Dada_Keneli

Snapshoti yenye RAM, au kuhamisha L1 ikiwa hai: kwenye Intel inafanya kazi kuanzia keneli 5.3 na QEMU 4.2. Kwenye AMD nyaraka za keneli zinasema L1 ikishawasha L2, usiihamishe wala kuihifadhi mpaka uizime L1 yenyewe. Mimi ningezima L2 hata kwenye Intel; sekunde 30 za kuzima ni rahisi kuliko kutafuta kwa nini L1 imeamka na kuanguka.

Kwenye seva yenye wateja, izime. Msimbo wa nested ni mpana na umewahi kutoboka: CVE-2021-29657 ilikuwa kosa ndani ya sehemu ya nested ya KVM kwa AMD, na iliweza kumtoa mtu ndani ya VM hadi L0. Kwenye chuma cha uzalishaji ni `nested=0` katika modprobe.d, na VM za wateja zisipewe prosesa ya aina ya host. Maabara iwe na mashine yake.